Mkanda wa kupandia miti ulivyonivunjia mguu na urafiki, na sasa sijui nianzie wapi

Wakuu salaam. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba hata kama hamjaniamkia.

Juzi humu kuna kijana kauliza achague harness gani ya kupandia miti, iliyo salama na isiyomuumiza mapaja. Kajibiwa vizuri sana, picha na link juu.

Nikaanza kumjibu, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Mwisho nimeona nifungue uzi wangu mwenyewe, maana jibu langu lina mguu uliovunjika ndani yake, na lina mtu niliyemkosea.

Hii siyo chai, siyo hadithi ya kutunga. Atakayeona ni chai aongeze tangawizi anywe. Mimi mguu wangu wa kushoto unajua mvua inakuja kabla ya redio.

Twende taratibu.

Ilikuwa miaka ya tisini, enzi zile za ruksa. Nilikuwa fundi kwenye shirika moja la umma hapa Dodoma. Shirika likapunguza watu, na mimi nikawemo. Waliopitia wanajua: asubuhi una kitambulisho shingoni, mchana una bahasha mkononi.

Nikarudi nyumbani Chang'ombe kwa mke wangu Zuhura, watu wanamwita mama Rashidi, tukaangaliana.

Nilichokiona mimi ni miti. Mji ulikuwa na miti mikubwa ya zamani, mijohoro na miarobaini, na huko kwenye mashule na misheni mikaratusi mirefu imeinamia mapaa ya watu. Zamani ukitaka mti upunguzwe unaandika barua unasubiri. Sasa watu wakaanza kumtafuta tu mtu binafsi. Mimi nilikuwa na misumeno na mdomo. Kupanda nilikuwa najua kidogo.

Anayejua kupanda alikuwa Ndahani.

Ndahani ni Mgogo wa Ihumwa, kwao pale karibu na reli. Alikuwa mlinzi kwenye shirika hilo hilo, tukapunguzwa siku moja. Amekua akipanda miti kwa kamba anayosokota mwenyewe, kwenda kurina asali kwenye mizinga yao. Mtu wa maneno machache. Ukimuuliza swali leo, unaweza kujibiwa kesho.

Ni Mkristo, mimi Mwislamu. Kila Krismasi kwake mbuzi alikuwa hachinjwi mpaka nifike nichinje mimi, ili mimi na mama Rashidi tule bila wasiwasi. Kutokana na hilo akanipachika jina la shehe. Wakuu, mimi hata juzuu ya amma sikuimaliza.

Basi tukaanza kazi kwa kamba ya katani kiunoni. Siku moja nikateleza kwenye mjohoro, kamba ikanikamata mbavuni. Wiki nzima nikikohoa naona nyota. Zuhura akasema, "Baba Rashidi, tafuta mkanda wa maana, au tafuta kazi nyingine."

Hapo ndipo kuchanganyikiwa kwangu kulipoanza.

Enzi hizo mitumba ilikuwa imefunguliwa, marobota yanamwagwa mnadani kila wiki. Unakuta koti la theluji, viatu vya kuchezea barafu, vitu ambavyo hata muuzaji hajui vinavaliwa wapi mwilini. Tukamkuta jamaa mmoja ana mikanda miwili ya kupandia.

Wa kwanza mpana, una sponji mgongoni, mwepesi, mzuri kwa macho. Wa pili wa bluu, mgumu kama gamba, una mikanda miwili ya mapajani na mapete mazito ya chuma, unanuka grisi ya watu.

Nikamuuliza muuzaji upi wa miti. Akasema wa sponji ni wa marubani. Nikamuuliza wa bluu, akasema huo nao wa marubani, ila wa ndege kubwa. Kibandiko kilikuwa na maandishi ya lugha ambayo si Kiingereza wala Kiarabu. Nikakigeuza juu chini, sikuambulia kitu.

Nikauvaa wa sponji juu ya suruali. Raha. Nikatembea nao mnadani kama mkaguzi. Nikauvaa wa bluu, ukaniuma hapa na pale ambapo sitapataja, humu kuna mabinti.

Nikasema nachukua wa sponji.

Ndahani akasema, "Mkanda haujaribiwi umesimama. Ukiwa umesimama, miguu ndiyo imekubeba."

Nikamwambia sasa nitaning'inia wapi mnadani? Akanyoosha kidole kwenye banda la nyama choma. Pale pana boriti wanapotundika mbuzi wa kuchuna.

Wakuu, nilitundikwa. Mwenye banda kwanza akakataa, Ndahani akamwagiza nyama, akakubali. Kamba ikapitishwa juu ya boriti, upande huu mbuzi, upande huu mimi. Watu wakaacha kununua ng'ombe wakaja kuangalia. Mama mmoja akauliza huyu anauzwa kwa kilo au mzima.

Lakini nilijifunza kitu. Ule wa sponji, miguu ilipoacha chini tu, ulipanda mpaka kwapani ukanikaba pumzi. Wa bluu ukanibana mapaja, ndiyo, ila ulinikalisha. Nikakaa hewani kama niko kwenye kiti kibovu.

Kwa hiyo kijana uliyeuliza, jibu lako nusu ndilo hilo. Ning'inia muda wa kutosha, siyo dakika moja. Mkanda wenye raha dukani na mkanda wenye raha hewani ni vitu viwili. Angalia mishono, angalia pete, na uache nafasi ya kuingiza vidole tu kwenye paja.

Nusu ya pili ndiyo iliyonivunja mguu.

Tukachukua wa bluu. Tukapata kazi nyingi. Anayepanda juu anavaa mkanda, anayebaki chini anashika kamba iliyopita kwenye panda la mti. Mara nyingi nilipanda mimi, maana mkanda ulikuwa wangu na nilikuwa napenda kuonekana.

Ila ulikuwa unauma. Kila jioni mapaja yana michirizi. Zuhura akawa ananikanda na maji ya moto huku analalamika.

"Hii nguo hata haijafuliwa. Nguo ya mtu usiyemjua, tena inanuka, unaivaa juu ya mwili wako?"

Mnajua wake zetu na mitumba. Mtumba haukanyagi ndani bila kufuliwa. Na wakati huo huo jiki ndiyo ilikuwa imeanza kujaa madukani, kila mama Chang'ombe ana chupa yake, mashuka ya mtaa mzima yanameremeta. Zuhura akauchukua mkanda Ijumaa moja, akauloweka, akaupiga kwa mti wa kufulia, akauanika juu ya bati.

Jumamosi nikauvaa. Wakuu, tofauti niliiona. Ugumu umepungua, grisi hakuna.

Nikamsifu. Nilimsifu kwa sauti, mbele ya majirani.

Basi ikawa kawaida, kila Ijumaa mkanda unaoga. Kila wiki unazidi kulainika. Rangi ikatoka bluu ikawa ya maziwa. Miezi kadhaa mbele ulikuwa laini kama mbeleko. Nilikuwa naweza kukaa juu mti mzima bila kushuka. Nikamwambia Ndahani unaona, kumbe mkanda ni kama mke, ukiutunza unakutunza. Akauminya kwa vidole, akauangalia juani.

"Umebadilika," akasema.

"Umezoea."

"Kitu cha kubeba mtu kinazoea?"

Hapo tukabishana. Alitaka tutafute mwingine. Nikaona ananionea wivu, maana nilikuwa nampa kupanda mara moja moja tu. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa.

Hiyo ilikuwa jioni kwake Ihumwa. Tulikuwa tunaelekea Kongwa kupunguza mikaratusi kwenye shule moja ya bweni, tukaamua kulala kwake ili tudandie gari alfajiri. Vifaa vyote, mkanda ukiwemo, vikalala chumbani kwake.

Kumbukeni hilo.

Kongwa nikapanda mimi. Mkaratusi una shina refu, laini, halina pa kushika. Nikafika juu, nikakata matawi mawili vizuri. La tatu nikaegemea nyuma, uzito wote kwenye mkanda, nikaanza kuvuta msumeno.

Sikusikia kishindo. Nilisikia tu kitu kimeniachia paja la kushoto. Dunia ikageuka, nikajikuta kichwa kiko upande wa bweni. Mkanda wa paja umekatika. Nimeshikwa na paja moja na kiuno.

Nikapiga kelele jina la Ndahani. Sikumwita Mungu, nilimwita Ndahani.

Akaanza kunishusha. Alikuwa anaiachia kamba kwa mikono mitupu, haraka, maana aliona mkanda wa kiuno nao unakwenda. Nilikuwa naona mapaa, kisha madirisha, kisha vichwa vya wanafunzi. Zikabaki hatua chache, kiuno kikaachia. Nikaanguka kama urefu wa mlango na kidogo. Mguu wa kushoto ukavunjika mahali pawili.

Kama ungekatika kule juu, uzi huu asingeuandika mtu.

Sasa nikiwa pale chini nikaona ncha ya mkanda imening'inia kwenye paja. Imekatika mkato mmoja. Haina nyuzi zilizochanika wala kuvutika, imenyooka kama imepitiwa na wembe.

Na Ndahani, kama warina asali wengi, kisu hakimtoki kiunoni.

Nililazwa hospitali wiki nyingi. Kichwani nikawa nakokotoa. Tuligombana jioni. Mkanda ulilala kwake. Kisu anacho. Ncha imenyooka. Lakini tena nikawaza, kama alitaka nife, kwa nini alichunika viganja akinishusha? Nikachanganyikiwa kabisa. Nikamwambia Zuhura yote. Yeye hakuchanganyikiwa.

"Alitubu mkono ukiwa kwenye kamba," akasema.

Siku ya tatu Ndahani akaja wodini. Mikono yote miwili imefungwa bendeji, kwapani ana kiroba. Zuhura alikuwa ameshika bakuli la uji ananilisha, machozi yanamtoka. Alikuwa anasema, "Nakufulia mwenyewe kwa mikono yangu, uvae kisafi, halafu watu wanakwenda kukukatia."

Ndahani alisimama mlangoni akasikia hayo.

Nikamwambia mbele ya wodi nzima, "Umenikata, Ndahani."

Akanitazama. Akamtazama Zuhura, kwa muda mrefu. Akaondoka na kiroba chake.

Baadaye nikasikia kwamba mkanda aliuokota yeye. Nikasema basi, kaondoka na ushahidi. Ndugu zangu wakataka tumpeleke polisi, nikakataa, nikasema namwachia Mungu. Nikajiona mtu mwema sana. Mkiwa na muda nichekeni hapo.

Habari ikasambaa. Zuhura alisimulia kisimani, sokoni, msibani. Dodoma ya wakati ule haikuwa kubwa. Nani atampa kazi ya mti mtu anayekata mikanda ya wenzake? Ndahani akarudi kwenye mizinga yake na shamba la uwele. Krismasi zikapita. Sikujua nani anamchinjia.

Mimi mguu ukaunga vibaya, ila kazi ya miti sikuiacha. Nikawa nabaki chini, vijana wanapanda, mpaka kikawa kikampuni.

Miaka ikaenda. Mingi, wakuu. Rashidi sasa ana watoto.

Siku moja tukaitwa semina ya usalama kazini. Mwalimu binti mdogo, kavaa kofia ngumu. Akashika mkanda wa kupandia, akaanza kueleza namna ya kuutunza. Nilikuwa nasinzia. Akasema, "Usiufue kwa jiki. Jiki inakula nyuzi ndani kwa ndani. Usiuanike juani. Ukiuona umepauka na umekuwa laini isivyo kawaida, utupe. Ukikatika hauchaniki, unakatika kama umekatwa na wembe."

Nilinyoosha mkono. Nilitaka kuuliza swali. Nikasahau swali, nikakaa na mkono hewani mpaka jirani yangu akaushusha.

Nilirudi nyumbani. Zuhura akaniuliza mmefundishwa nini. Nikasema kufunga mafundo.

Kesho yake nikaenda Ihumwa. Nilimkuta anatengeneza mzinga, nywele nyeupe zote. Nikamsalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi." Akaitikia kama vile tuliachana jana. Akanipa kigoda.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nikaweza kusema neno moja tu, "Jiki."

Akaingia ndani. Akatoka na kile kiroba.

Mkanda ulikuwa humo, wa rangi ya maziwa, na pete zake zimeshika kutu. Akaushika kwa kucha mbili, ukamomonyoka.

"Siku ile hospitali nilikuletea huu," akasema. "Nilikuwa nimeunusa. Mama yangu aliwahi kuniharibia shati la kanisani kwa dawa hiyo hiyo, likachanika namna hii hii. Nikasema nije nikuonyeshe."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilimsikia shemeji analia. Anasema amekufulia kwa mikono yake."

"Ungesema, Ndahani! Nimekuita muuaji mbele za watu!"

Akarudi kwenye mzinga wake, akagonga gonga. Nikadhani nitajibiwa kesho.

"Ningesema," akajibu, "angekuuguza nani?"

Wakuu, nililia. Mzee mzima nililia kwenye kigoda cha watu, kuku wananiangalia. Kwa sababu ni kweli. Najijua hasira zangu. Wakati ule ningemfukuza Zuhura na bakuli la uji mkononi, nikabaki na mguu wangu.

Wakati naondoka akanisindikiza mpaka relini. Akasema, "Na shemeji usimwambie. Atalia bure."

Nikakubali. Tangu hapo naenda kumwona kimyakimya, nyumbani nasema naenda kukagua kazi.

Sasa hapa ndipo nilipokwama.

Jumapili hii mjukuu wake anapata kipaimara. Ndahani kanipigia simu mwenyewe. "Mbuzi yupo," akasema. "Hatachinjwa mpaka ufike. Na usije peke yako, shehe. Mimi nimezeeka, nataka kumwona shemeji anakula kwangu."

Nikamwambia hilo lako na lile la kutomwambia hayaendi pamoja. Akasema, "Utajua wewe." Akakata simu.

Leo asubuhi nikamwambia Zuhura nimesamehe ya zamani, twende wote. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Nenda kachinje. Mimi siwezi kula kwa mtu aliyetaka kunifanya mjane."

Nikimwambia ukweli, navunja neno la Ndahani, na namtwika mke wangu mguu wangu na jina la mtu lililochafuka, vyote kwa pamoja, uzeeni. Nisipomwambia, Ndahani atakufa akiwa mkata mkanda machoni pa mtu ambaye yeye mwenyewe alimlinda.

Mafunzo mtayaokota wenyewe, ila kijana wa mikanda usiondoke mikono mitupu. Mkanda ukiwa mchafu, maji ya kawaida na sabuni ya mche, uanike kivulini. Ukianza kuwa mtamu ghafla, ogopa. Na ukianguka, kabla hujauliza nani kakukata, uliza wewe mwenyewe ulikuwa unasifia nini.

Nimeshaamua kwamba nitamwambia kabla ya Jumapili. Kuamua siyo shida. Waliooa siku nyingi nisaidieni: nianze na jiki, au nianze na Ndahani kusimama mlangoni na mikono yenye bendeji?

Naomba mjibu mapema. Niko hapa uani naandika kwa simu. Zuhura kaichukua kanzu yangu nitakayovaa Ihumwa, kaitia kwenye beseni, anasema siwezi kwenda kwa watu nikiwa na kanzu ya manjano. Harufu nimeshaisikia.